Karatasi, tovuti au chaneli: uchapishe wapi ukiwa Mbeya au Iringa?

Ikifika saa moja asubuhi, mtu wa Mwanjelwa au Kihesa ameshajua magazeti ya leo yamebeba nini. Picha za kurasa za mbele zimezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp tangu alfajiri, na redio imeshazisoma. Magazeti yenyewe bado yako barabarani. Yamechapwa Dar es Salaam usiku. Iringa ni karibu kilomita 500 kutoka huko, Mbeya ni zaidi ya 800, na hapo katikati kuna mlima Kitonga na malori yake. Anayenunua nakala mchana ana shida nyingine na si ile ya kujua kilichotokea: anataka uchambuzi mrefu, ratiba ya ligi, tangazo la kisheria, au basi tu karatasi ya kushika mkononi.

Hali hiyo inawachanganya wengi wenye kitu cha kuchapisha huku kwetu. Kazi yangu ni kuhariri na kupanga kurasa, kwa hiyo swali hili hunijia kwa sura nyingi. Kijana aliyemaliza uandishi wa habari anataka kuanzisha chombo chake. Mwalimu mstaafu ana muswada wa historia ya kijiji. Viongozi wa AMCOS (ushirika wa wakulima) ya kahawa huko Mbozi wanataka jarida la wanachama. Mwenye duka la pembejeo Uyole ana hela ya tangazo moja na hajui aipeleke wapi. Wote wanauliza jambo lile lile: karatasi, tovuti, au chaneli?

Nini kimehama

Gazeti la Tanzania halikuwahi kuishi kwa bei ya nakala peke yake. Liliishi kwa matangazo, na zaidi yale ambayo msomaji hakuwa na pengine pa kuyapata. Mkandarasi wa Makambako alinunua gazeti kwa ajili ya zabuni. Mhitimu alilinunua kwa ajili ya nafasi za kazi. Mzazi alilitafuta siku majina ya waliofaulu yalipotoka. Siasa walizisoma baadaye, kama muda ulikuwepo.

Leo zabuni za serikali ziko NeST, mfumo wa ununuzi wa mtandaoni ulioanza 2023 ukapokea kijiti cha mfumo wa zamani, TANePS. Kazi za serikali ziko Ajira Portal. Matokeo ya mitihani yako kwenye tovuti ya NECTA, na mtoto anamwonyesha baba yake kwenye simu. Kila huduma iliyohama iliondoka na mnunuzi wake na tangazo lake. Mwishoni mwa 2020 kampuni ya New Habari (2006) ilisimamisha uchapaji wa magazeti yake, Mtanzania na Rai yakiwemo. Mtanzania likaendelea mtandaoni.

Kwa hiyo ukiniuliza, swali la karatasi au simu ni la pili. La kwanza ni hili: nani atakulipa, na anakulipa kwa sababu gani?

Vigezo vya kupimia

Njia zote tatu nitazipima kwa mambo matano: mtaji wa kuanzia, vibali, namna ya kumfikia msomaji, pesa inavyorudi, na kama kazi yako itadumu. Nimeacha makusudi suala la hadhi. Wapo wanaodhani bila karatasi wewe si mwandishi, na wapo wanaodhani karatasi ni mambo ya wazee. Wote wawili hawatakulipia bili ya uchapaji wala ya bando.

Jambo moja linagusa njia zote. Ukijiita mwandishi wa habari, ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi hiyo, inakuhusu. Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari ilianza kutoa vitambulisho 2025, na elimu inayotakiwa inaanzia stashahada ya uandishi wa habari. Usianze na kamera. Anza na vyeti vyako.

Njia ya kwanza: karatasi

*Mtaji.* Kwenye mashine ya ofseti gharama kubwa iko mwanzoni: kupanga kurasa, kutengeneza pleti (mabamba yenye sura ya kurasa), kuiweka mashine sawa. Pleti ni zile zile uchape nakala 200 au 2,000, ndiyo maana bei ya nakala moja hushuka kadiri idadi inavyopanda. Mchapaji atakuambia, “Ongeza kidogo, itakuwa nafuu.” Hakudanganyi. Ila boksi zitakazobaki uvunguni ni zako. Uchapaji wa kidijitali hauna pleti. Unaweza kutoa nakala 50 tu, ingawa bei ya kila nakala iko juu na haishuki sana.

Kitu ambacho waandishi wengi wa kwanza hawakijui ni hesabu ya kurasa. Kitabu cha A5 kwenye ofseti kwa kawaida hutoka kwa karatasi kubwa zinazokunjwa kurasa 16. Kitabu cha kurasa 96 ni mikunjo sita kamili. Ukileta cha kurasa 100, zile nne za ziada zinadai karatasi na muda wa mashine wa peke yake. Kabla hujaenda kwa mchapaji, punguza shukrani, sogeza picha, shusha herufi nusu pointi, ufike 96. Au jaza mpaka 112. Hapo umeokoa hela bila kumwomba mtu punguzo.

*Vibali.* Kitabu na gazeti ni mambo mawili. Kitabu kinahitaji ISBN, namba ya kukitambulisha, inayotolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na unaweza kusajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Gazeti linahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, inayohuishwa kila mwaka Idara ya Habari MAELEZO. Likifungiwa au leseni ikifutwa, gazeti limekwisha mpaka irudi: Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yaliijua adha hiyo, na yakarudishiwa leseni Februari 2022.

*Kumfikia msomaji.* Hapa ndipo karatasi inapoumia. Wakala anataka kamisheni yake, na nakala zisizouzwa zinakurudia kama marejesho. Pale mezani, kwa kila anayenunua kuna kundi la wanaosimama kusoma vichwa vya habari kisha wanaendelea na safari zao. Hata hivyo, nakala moja ya karatasi huko Tukuyu au Ludewa inasomwa na watu wengi: kinyozi, mgahawa, ofisi ya kata. Na yapo masoko ambayo karatasi bado ina nguvu, hasa makanisa, shule na maonyesho ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, ambako mkulima anachukua kijitabu cha parachichi na kwenda nacho nyumbani. Ukanda wetu una mizizi ya uchapaji. Wabenedikti wa Peramiho, Ruvuma, wamechapa vitabu kwa miongo mingi, na kanisa ndilo lililokuwa mtandao wao wa usambazaji.

*Pesa.* Ya kitabu inarudi nakala kwa nakala, polepole, mkononi. Ya gazeti inategemea matangazo yaliyobaki, na kilichobaki ni kile kinachotakiwa kiwe na ushahidi: tangazo la mirathi mahakama ikiliagiza, hati ya kiwanja iliyopotea, kubadili jina. Mwenye tangazo hilo haulizi gazeti lina wasomaji wangapi. Anataka kipande cha kuambatisha kwenye jalada.

*Kudumu.* Karatasi inashinda hapa kwa mbali. Ukipeleka nakala maktaba ya mkoa, mjukuu wako ataikuta.

Njia ya pili: tovuti na faili

Hapa naweka pamoja tovuti ya habari, gazeti la kidijitali linalouzwa kama faili, na kitabu cha PDF.

*Mtaji.* Kikoa (jina la tovuti) cha .co.tz na nafasi ya kuhifadhia tovuti ni gharama ya mwaka ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Gharama halisi ni mtu. Tovuti isiyoandikwa kwa wiki mbili inaonekana imekufa, na kumlipa mwandishi mmoja kwa mwaka kunazidi kila kitu ulichonunua. Wengi wanaojenga tovuti nzuri huishiwa hapo.

*Vibali.* Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwashtua wengi: ada ya maombi Sh100,000, leseni Sh1,000,000, na Sh1,000,000 nyingine kila mwaka. Kanuni ziliandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022 na ada ikashushwa, kwa hiyo usiende na tarakimu za kusimuliwa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano inayozisimamia, ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya. Pita ukaulize kama unachotaka kutoa kinahesabiwa kuwa habari. Kitabu chako cha mapishi au mafunzo ya ufugaji wa nyuki si sawa na habari za siasa. Ongeza na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inamhusu hata anayesambaza tu.

Ukitaka kuona tofauti ya karatasi na mtandao mbele ya sheria, tazama Oktoba 2024. TCRA ilizifungia leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications kwa siku 30. Kurasa za mtandaoni zilinyamaza, lakini magazeti ya karatasi ya kampuni hiyo hiyo yaliendelea kutoka, kwa kuwa leseni yake ni nyingine.

*Kumfikia msomaji.* Tovuti ina sifa moja kubwa: inatafutika. Makala kuhusu ugonjwa wa viazi uliyoiweka mwaka juzi bado inasomwa leo na mtu wa Njombe aliyeandika swali lake Google. Wala huhitaji barabara. Unahitaji bando la msomaji, na bando ni pesa yake, si yako, kwa hiyo picha nzito ni dharau kwake.

PDF ina kasoro yake. Nimeletewa faili nyingi zilizopangwa safu mbili za A4, vizuri kabisa, kama jarida. Fungua hiyo kwenye simu ya kawaida: herufi ni sisimizi, unavuta kulia usome nusu mstari, unarudi kushoto, unapanda juu kutafuta safu ya pili, na mvua ya Tukuyu inadondokea kioo. Ukurasa wa tatu msomaji amekata tamaa. Faili ya simu ipangwe safu moja, ukurasa mdogo, herufi kubwa, na iwe nyepesi kiasi cha kutumwa bila mtu kufikiria mara mbili.

*Pesa.* M-Pesa ilipoingia nchini 2008 ilifungua mlango ambao wachapishaji wamechelewa kuutumia: mtu wa Kyela anaweza kulipia kitabu usiku na kukipata dakika hiyo hiyo. Tatizo linaanza sekunde inayofuata. Mnunuzi mmoja akiweka faili kwenye grupu, umemaliza kuuza humo. Wapo wanaoweka nywila, wapo wanaoandika jina la mnunuzi kwenye kila ukurasa, zinapunguza, hazizuii. Nalo soko la vitabu vya shule limeguswa na kitu kingine kabisa, kwa kuwa Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Muuza vitabu anashindana na faili, huku mwenye stationeri wa jirani akitoa kopi za sura zinazotakiwa.

*Kudumu.* Inategemea nani analipia. Iringa ilijulikana mapema mtandaoni kwa blogu ya Maggid Mjengwa, ambaye pia alitoa gazeti la Kwanza Jamii, na blogu nyingi za kizazi hicho zilikaa kwenye majukwaa ya bure ambayo hayakudai ada. Tovuti ya kulipia ikikosa ada, inaondoka na kumbukumbu zako zote. Weka nakala pembeni.

Njia ya tatu: chaneli

YouTube, chaneli ya WhatsApp, ukurasa wa Facebook au Instagram.

*Mtaji.* Ndogo kuliko zote kwa kuanza. Simu nzuri, maiki ya kubana kwenye shati, kistendi, bando. Maiki usiiache. Huku kwetu upepo wa Juni unafanya mahojiano ya nje yasisikike, na mtazamaji anavumilia picha mbaya kuliko sauti mbaya.

*Vibali.* Usidanganyike kwamba YouTube ni uwanja wa wazi. Televisheni ya mtandaoni inayotoa habari na matukio iko chini ya kanuni zile zile za TCRA nilizotaja kwenye tovuti.

*Kumfikia msomaji.* Hakuna njia inayofika haraka hivi. Mama wa Sokomatola anasikiliza huku anapanga nyanya. Dereva anasikiliza akiwa Igawa. Asiyependa kusoma naye umempata. Grupu la WhatsApp linabeba watu 1,024 na kila mtu anaona namba ya mwenzake, jambo ambalo wengi hawalipendi. Chaneli za WhatsApp, zilizofika kwa wengi 2023, hazina kikomo hicho na zinaficha namba. Ila hazikupi wewe namba za wafuasi wako pia. Chaneli ikifungwa, huna hata mmoja wa kumpigia.

*Pesa.* Kwa YouTube, mlango kamili wa mapato ya matangazo unafunguka ukiwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama mtazamaji wako anakaa wastani wa dakika tatu, unahitaji kutazamwa mara 80,000. Inawezekana kwa mwaka, lakini si kwa kuposti kila ukijisikia. Na Google hailipi mpaka salio lifike dola 100.

Kabla ya hapo, wenye chaneli za mikoani wanaishi kwa kazi za kuitwa: uzinduzi, harusi, mahafali, tangazo la hoteli. Sina tatizo na hilo. Tatizo ni pale kazi ya kuitwa inapovaa koti la habari, na aliyetoa bahasha ya hela anakuwa ndiye mhariri. Magazeti nayo yanaijua bahasha, tusijifanye, ila gazeti lina mhariri wa pili ofisini. Chaneli ya mtu mmoja haina. Andika “Tangazo” pale panapostahili. Wanaolipa wataendelea kuja, na wanaotazama watakuamini kwenye yale mengine.

*Kudumu.* Dhaifu. Akaunti inaibiwa, inafungiwa kwa wimbo wa mtu uliosikika nyuma, au jukwaa lenyewe linatoweka: X (zamani Twitter) ilifungwa nchini Mei 2025. Mtandao nao hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu nchi ikabaki inasuasua, na tangu siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Video zako zihifadhi kwenye diski yako mwenyewe pia.

Kulingana na hali yako

*Mstaafu mwenye historia ya ukoo au kijiji.* Karatasi, lakini kwa uchapaji wa kidijitali na nakala chache. Orodhesha kwanza watakaonunua kwa majina: ndugu, shule, parokia au usharika, ofisi ya kijiji. Chapa kiasi hicho na kidogo juu yake. ISBN chukua, na nakala zipeleke maktaba ya mkoa. PDF iache mpaka nakala ziishe.

*Kijana mwenye stashahada au shahada ya habari, asiye na mtaji.* Chaneli, na ithibati kabla ya yote. Tafuta mwenzako mmoja, ili mmoja akishika kamera mwingine ahariri na kubisha. Chagua eneo dogo unaloweza kulimaliza, kwa mfano mahakama, mbao za Mafinga, au Ligi Kuu pale uwanja wa Sokoine, kuliko “habari zote za Mbeya”. Karibu na Klabu ya Waandishi ya mkoa wako. Huko utapata wa kukutetea ukipata misukosuko. Daudi Mwangosi, aliyeuawa Nyololo, Mufindi, 2 Septemba 2012 akiwa kazini, alikuwa mwenyekiti wa klabu ya Iringa, na waandishi wa klabu hiyo hawajaacha kumkumbuka.

*AMCOS, SACCOS au kikundi cha wakulima.* Bei na tarehe za mnada zitumwe WhatsApp, kwa sababu bei ya jana haina kazi. Hesabu za mwaka na maazimio ya mkutano mkuu yachapwe karatasi na yabandikwe ghalani. Mwanachama asiye na simu janja naye ni mwanachama. Tovuti hamna haja nayo mpaka mpate mnunuzi wa nje anayetaka kuwaona.

*Anayetaka kuanzisha gazeti la mkoa.* Usitoe la kila siku. Hapo unashindana na simu na umeshachelewa. La wiki, lenye makala ndefu, bei za masoko, na matangazo ya kisheria ukifanikiwa kuyapata, linaweza kupumua. Habari ya saa hii iende kwenye tovuti yako ikiwa na leseni yake. Maana yake ni ada mbili na timu mbili kwenye hesabu zako za mwanzo, na kama hesabu hizo hazifungi, anza na tovuti peke yake.

*Mwenye duka mwenye hela ya tangazo moja.* Kama wateja wako wako ndani ya mji, lipia chaneli ya hapa hapa, na kabla ya kulipa omba uone takwimu za watazamaji kwa mkoa, si idadi ya wafuasi. Chaneli ya “Mbeya” inaweza kuwa na watazamaji wengi walioko Dar. Kama unauza pembejeo, kijikaratasi cha Nane Nane chenye vipimo vya mbolea kitakaa ukutani kwa mkulima msimu mzima.

*Msimamizi wa mirathi au aliyepoteza hati.* Gazeti, na usianze kwa kuulizia bei. Muulize kwanza karani wa mahakama au ofisa wa ardhi ni gazeti gani watalikubali na tangazo linatakiwa liandikwe vipi. Siku likitoka nunua nakala mbili, moja ya jalada na moja ya nyumbani, maana kesho yake mezani halipo.